Mkono Uliounga Hoja ya Daraja

Kikao cha Oktoba cha halmashauri ya kijiji cha Harmsen kilianza kwa wakati, kwa sababu Delmar Boettcher, mwenyekiti, hakupenda chakula chake kipoe. Ukumbi ulikuwa ubavuni mwa banda la gari la zimamoto, na humo harufu ya dizeli na ya kahawa iliyochemka mno zilikuwa zimeshazoeana kama mume na mke. Wajumbe watano waliigeukia bendera, wakatamka ahadi yao ya utii kwa nchi, wakaketi. Ukasomwa muhtasari wa kikao kilichopita. Likajadiliwa suala la mbwa aliyewafukuza bata wa kanisa la Kilutheri. Kisha wakafika kwenye daraja.

Lilikuwa daraja dogo la chuma, lililovuka kijito mwishoni mwa Mtaa wa Kinu. Ng'ambo kulikuwa na nyumba chache za watu waliofanya kazi kiwanda cha karatasi kabla hakijafungwa. Mkaguzi alikuwa amesema lijengwe upya au lifungwe. Delmar alitaka lifungwe, ili fedha zikaezeke uwanja wa tamasha, pale ambapo kila Agosti watu walikula soseji na kusikiliza kinanda cha akodioni huku mvua ikiwanyeshea.

"Hatumkatazi mtu kufika kwake," alisema. "Barabara kuu ipo. Ni kuzunguka kidogo tu."

Kuzunguka kidogo maana yake ilikuwa kwenda mpaka njia panda ya ghala la mahindi, kuvuka kwa daraja la barabara kuu, na kurudi kwa njia ya changarawe. Siku njema ilikuchukua karibu nusu saa. Siku za theluji ilikuwa ni wewe na Mungu wako.

Wajumbe wawili, Delmar na mwenzake, walitaka lifungwe, na wawili walipinga. Aliyebaki alikuwa Arlene Tesch. Arlene alikuwa mjane aliyepika shuleni maisha yake yote, na nusu ya waliokaa ukumbini humo walikua kwa mwiko wake. Safu ya pili ya wasikilizaji, ameweka mkoba mapajani, alikaa Ione Lindquist, rafiki yake tangu walipokuwa wakisukana nywele. Ione aliishi ng'ambo na mumewe Orville, mtu mwenye ugonjwa wa moyo na dawa za kujaza kikapu.

Arlene alijua atakavyopiga kura, na hakujipenda kwa kujua. Tangu Walter wake afariki, Delmar ndiye aliyekuja na trekta kila majira ya baridi kumwondolea theluji uani, bila kuombwa na bila kulipwa. Jana yake Delmar alikuwa amepita kwake, akanywa kahawa, akasifu pai. Neno la daraja hakulitaja. Alitazama tu uani kupitia dirishani akasema, "Mwaka huu wanasema theluji itakuwa mbaya, dada Arlene."

"Wanaounga mkono, wanyooshe," akasema sasa.

Arlene akanyoosha haraka, kama mtu anayechomoa kiganja kwenye sufuria ya moto. Hakumtazama Ione. Connie Sobczak, karani, akahesabu, akaandika. Nyundo ikagongwa. Mikono mingine ikashuka. Wa Arlene ukabaki juu.

"Tumeshakuhesabu, Arlene," Connie alisema.

"Najua. Haushuki."

Arlene aliuvuta kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa umesimama wima, wa vuguvugu, hauumi.

"Haya basi," alisema Connie, na kikao kikaendelea na suala la taa za barabarani.

Daktari wa mji wa jirani aliupiga picha mkono ule akakuta mifupa mizima na mishipa mizima. Akamuuliza kama amejaribu kuushusha. Arlene akasema amejaribu. Daktari akamwambia aendelee kujaribu, akampa dawa ya kuchua.

Mkono ulielekea juu hata alipolala, na ilimbidi azoee shuka kusimama kama hema. Alikata mikono ya kulia ya nguo zake zote akashona vifungo begani. Fundi wa magari alimtobolea tundu kwenye paa la gari lake, akalizungushia mpira ili mvua isiingie, na kuanzia hapo Arlene aliendesha mkono ukiwa nje, ukikata upepo. Watu waliopishana naye barabarani walimpungia. Mwanzoni alijaribu kuwaeleza. Baadaye akaacha.

Kilabuni, siku ya Ijumaa ya samaki wa kukaanga, wazee walimpokea kwa kelele.

"Arlene! Unauliza swali au unaagiza bia?"

"Mwacheni bibi wa watu. Mkono wa birika tunaujua, huu wake ni wa mlingoti. Hebu tupandishe bendera!"

Walicheka, naye akacheka nao, akala samaki wake kwa mkono wa kushoto, na mhudumu akamletea bia tatu ambazo hakuziomba.

Wiki moja kabla daraja halijafungwa, Ione alivuka kwa miguu. Arlene alimwona tangu mbali. Alichemsha kahawa kabla mlango haujagongwa. Ione hakukaa. Alitoa mfukoni glavu ya sufu, ndefu kama soksi ya mtu mzima, ya rangi ya kijivu, akamwambia ainame. Akamvisha, akaivuta mpaka kwapani, akaikaza kwa kamba.

"Baridi ikija usije ukagandia huko juu," alisema.

"Ione, mwenzangu, mimi..."

"Sijakusamehe. Nimekufumia tu."

"Kaa japo unywe kahawa."

"Orville yuko peke yake." Akafika mlangoni, akageuka. "Ungeniambia, Arlene. Ungekuja nyumbani ukaniambia unaogopa kuzingirwa na theluji peke yako. Orville ana koleo la theluji. Mimi nina mikono miwili."

Akatoka. Wiki iliyofuata lori likaja, likapanga matofali makubwa ya saruji pande zote mbili za daraja.

Theluji ilikuja kweli, na Delmar akaja na trekta kama kawaida. Uani kwa Arlene kulisafishwa mpaka majani yakaonekana. Alisimama dirishani akitazama, na Delmar, kwa kuona mkono umeinuliwa, akaitikia kwa kofia.

Februari ilinyesha mvua iliyoganda ikigusa ardhi, na barabara zikawa kioo. Alasiri moja Arlene alikuwa akimenya viazi, kazi ngumu kwa mkono mmoja, aliposikia king'ora. Gari la wagonjwa lilipita mbele ya nyumba yake likielekea kijitoni. Dereva hakuwa mwenyeji, alikuwa ameazimwa kutoka kijiji cha pili, na ramani yake bado ilionyesha daraja. King'ora kilifika kwenye matofali kikanyamaza. Arlene alitoka nje bila koti. Aliwaona vijana wawili wamesimama kwenye saruji, wakitazama ng'ambo. Nyumba ya akina Lindquist ilikuwa pale, mtu angeweza kuitupia jiwe. Mlango ulikuwa wazi, na Ione alikuwa kizingitini akipunga taulo la jikoni.

Kijana mmoja alipanda juu ya matofali akakanyaga chuma cha daraja kilichoganda barafu, akateleza, akarudishwa na mwenzake kwa kuvutwa mkanda. Wakaingia garini. King'ora kikaanza tena, gari likageuzwa kwa shida, likapita mbele ya nyumba ya Arlene mara ya pili, sasa likielekea njia panda ya ghala. Dereva alimwona mama amesimama kando ya barabara mkono juu. Akadhani anawatakia heri. Akainua wake kumjibu.

Orville Lindquist alikuwa ameshafariki walipofika. Hakuna aliyesema angepona lau daraja lingekuwepo. Hakuna aliyesema asingepona.

Kwenye mazishi Arlene alikaa safu ya mwisho ili asimkinge mtu. Mchungaji aliuliza kama kuna anayetaka kusema neno juu ya marehemu, akatazama nyuma, akasema, "Arlene?" Kanisa zima likageuka. Arlene akatikisa kichwa. Mchungaji akangoja kidogo, kwa heshima ya ule mkono, kisha akaanzisha wimbo. Baadaye watu wakashuka chini ya kanisa wakala nyama ya nguruwe na viazi vya kuoka. Ione aliwapokea wote kwa mkono. Zamu ya Arlene ilipofika, alimpa wa kushoto, na Ione akaushika kama unavyoshika kitasa cha mlango.

Kikao cha Machi kilijaa. Arlene alikuwa amejiandaa. Alisimama akasema kwa sauti isiyotetemeka kwamba anatoa hoja daraja lijengwe na lifunguliwe. Mmoja wa wale waliopinga kufungwa akaiunga mara moja. Ukumbini watu wakavuta pumzi, maana sasa hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu: wapinzani wawili na mkono wa Arlene, ambao ulikuwa tayari juu.

Delmar naye alijua kuhesabu. Hakuwa mtu mbaya, na tangu mazishi alikuwa amepungua mwili. Lakini mbao za paa zilikuwa zimeshanunuliwa.

"Kabla ya hoja hiyo," alisema, "natoa hoja nyingine, na kwa kanuni, hoja ya kuahirisha hutangulia. Kwamba suala la daraja liahirishwe bila tarehe. Wanaounga mkono?"

Mkono wa Delmar ukapanda, na wa mwenzake. Connie akainua macho. "Watatu," akasema.

"Hapana!" alisema Arlene. "Mimi napinga. Connie, napinga, unanisikia!"

"Nakusikia, mama. Lakini kanuni inasema tunahesabu mikono."

"Huu hauna habari na ninachotaka!"

"Mingi huwa hivyo," alisema Connie, bila ubaya.

Arlene akainua na wa kushoto kupinga. Wakampigia simu mwanasheria wa kijiji, aliyekuwa mezani anakula. Akasema mtu hawezi kupiga kura mbili kwa hoja moja, na unaohesabiwa ni mkono uliotangulia. Wa Arlene ulikuwa umetangulia tangu Oktoba. Nyundo ikagongwa. Watu wa ng'ambo wakachukua makoti yao wakatoka, kwa sababu walikuwa na mzunguko mrefu.

Aprili Arlene aliandika kwamba anajiuzulu. Delmar akasema halmashauri haitakuwa na adabu kumwachia mtumishi wa miaka mingi hivi hivi, akatoa hoja kwamba ombi lake likataliwe, kwa shukrani. Hoja ikapita kwa kura tatu, moja ikiwa ya Arlene mwenyewe. Watu wakampigia makofi. Baada ya hapo kila kilicholetwa mbele ya halmashauri kilipata kura yake: leseni za pombe, ada ya taka, picha za waliowahi kuwa wenyeviti zitundikwe ukutani mwa ukumbi. Wajumbe walianza kumwona kama samani nzuri. Paa la uwanja likakamilika, na lilikuwa zuri kweli, lisilovuja.

Ione aliuza alichoweza kuuza. Binti yake, aliyeishi mjini upande wa ziwa, alikuja Mei na gari kubwa la mizigo kumchukua. Arlene aliwaona kutoka kwake wakitoa kitanda, kisha kabati, kisha kile kiti cha Orville. Alishuka mpaka kijitoni. Maji yalikuwa mengi, ya theluji iliyoyeyuka, yakinguruma chini ya daraja. Aliita. Ione alisikia kitu, akasimama na sanduku mikononi, akatazama. Alisema neno. Midomo ilionekana ikicheza, sauti ikachukuliwa na maji.

"Umesemaje?" Arlene alipiga kelele. "Ione! Umesemaje?"

Ione akaliweka sanduku garini, akaufunga mlango wa nyuma.

Arlene alirudi mbio kwa kadiri ya magoti yake, akaingia kwenye gari, akapitisha mkono tunduni, akaondoka. Alipita shule, akapita kanisa, akashika njia ya ghala. Mashamba yalikuwa yamelimwa, meusi, yananuka samadi, na vioo vya gari vilikuwa chini kwa ajili ya joto la kwanza. Alikuwa akipanga maneno. Asingejitetea. Angesema lile alilopaswa kulisema Oktoba, kwamba aliogopa, na angesema kwamba alimwona na taulo, na kwamba tangu siku ile hajakaa akala chakula kwa raha.

Kwenye njia panda ya ghala alilikuta gari la mizigo limeshafika upande wa pili, limesimama kwenye alama ya kusimama. Magari mengine hayakuwepo. Walisimama wakitazamana, vioo chini, karibu kiasi cha kusikiana. Binti alikuwa kwenye usukani, Ione kando yake, chungu cha maua mapajani.

Arlene alifungua kinywa. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga yalikuwa yamempotea. Mkono wake wa kulia ulisimama juu ya paa la gari, mtupu na wima, na upepo mdogo ukapita kati ya vidole.

Binti alitabasamu, akainua mkono wake kutoka kwenye usukani ili amwitikie, kama ilivyo desturi ya huko watu wakikutana barabarani.

"Usijisumbue, mwanangu," Ione alisema. "Huyo hapungi. Huyo anapiga kura."

Gari la mizigo likakata kushoto, likashika barabara ya kuelekea ziwani.