Mkono Kwenye Tuta la Chainizi

Mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umetanda kijijini Masoko, Atuganile alikuwa anachuma chainizi bustanini alipoukuta mkono wa marehemu mumewe umeota katikati ya tuta, kando ya kaburi. Aliutambua kwa kovu la panga kwenye kidole gumba. Akaung'olea magugu, akaendelea kuchuma.

Mumewe, Anyelwisye, alizikwa hapo wakati wa masika. Kaka yake, Ackson, alitaka kumrithi mjane pamoja na nyumba, kama walivyofanya wazee. Atuganile alikataa. Tangu hapo Ackson akawa anamwambia afungashe, kwani kiwanja ni cha ukoo. Naye mama wa watu hakuwa na kingine zaidi ya kiwanja hicho, mboga zake na banda la kuku wa nyama.

Baridi ilikuwa inaua vifaranga wa watu wote. Mkono, hata hivyo, ulikuwa na joto. Jioni Atuganile aliwaleta vifaranga wake tutani, wakajikunyata chini ya kiganja, na hakufa hata mmoja. Akishawalisha, naye alikuwa akiketi na kuushika. Alimkumbuka sana mumewe.

Ukoo ulipoitisha kikao alifurahi, maana shahidi alikuwa naye. Alichinja kuku wote waliokomaa, akawapika na ndizi. Wazee hawaamui kesi na njaa. Waliposhiba akawapeleka bustanini. Wakavua kofia.

"Ugonile," wakausalimu mmoja mmoja, nao ukawapokea kwa adabu. Kwa Ackson ulikunja ngumi.

"Mmeona wenyewe, baba zangu," alisema Atuganile. "Mwenye nyumba amemkataa."

Mzee Abrahamu, mkubwa wa ukoo, alijifuta mafuta ya kuku mdomoni. "Ndaga fijo, mwanangu, kwa kutuonyesha. Wengine tulikuwa na wasiwasi kama hapa ni petu. Sasa ardhi imeota mtu wetu. Ardhi inayoota watu wetu ni ya nani?"

"Na ngumi je?"

"Ndugu hugombana. Damu nzito kuliko maji."

Hakuna aliyeona kasoro katika maneno hayo. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku nyingine huanza na kuku wako.

Atuganile alijaribu kuuchimbua mkono aondoke nao. Ulikuwa umeshuka mbali, akaogopa kuuvuta asije akamuumiza. Akahamia chumba cha kupanga Tukuyu mjini, vifaranga wakiwa kwenye maboksi. Walikufa kwa baridi wiki hiyo hiyo.

Aliporudi kuchuma mboga zilizobaki, tuta lilikuwa limeliwa lote. Ackson alikuwa amemfunga ndama wake kwenye kifundo cha mkono. Ulimtambua Atuganile, ukajaribu kuinua vidole, lakini ndama alikuwa anavuta.

"Shikamoo, shemeji," Atuganile alimsalimu Ackson aliyekaa barazani.

"Marahaba. Anatusaidia sana huyu ndugu yangu."

Atuganile aliinama, akailegeza kamba kidogo isimchubue mumewe, akarudi mjini kabla ya mvua.