Mawe ya Daraja la Matwebe

Jumatatu hiyo, Novemba tisini na tano, Tupokigwe alikuwa anageuza utepe wa taipureta upande wa pili, maana mpya haukuwepo, pale Meshaki, katibu wa mbunge, alipomwekea karatasi mezani. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumamosi, mvua ya Tukuyu, isiyo na haraka ya kwenda popote.

"Mama Lusungu, Alhamisi Mheshimiwa mpya anaweka jiwe la msingi la daraja. Anataka isomwe historia ya wabunge wote wa jimbo. Ukurasa mmoja tu. Jina, miaka, na aliyoyafanya."

"Daraja lipi?"

"La Matwebe. Kwani kuna lingine?"

Lingine halikuwepo. Tupokigwe akachomeka karatasi, akapiga mistari ya safu tatu, na uchovu ukampanda toka miguuni hadi mabegani. Kila mbunge wa jimbo lile alikuwa ameweka jiwe la msingi la daraja la Matwebe. Watu wa Matwebe wenyewe walivuka juu ya magogo mawili. Hapo ndipo Lusungu, binti yake wa kwanza, alipoteleza mwaka themanini na nane akimpelekea bibi yake maziwa. Alikuwa na miaka minane. Tangu siku ile Tupokigwe alikuwa na swali moja tu, daraja lilikwenda wapi, na aliyekuwa mbunge wakati huo ndiye pekee ambaye hakuruhusiwa kumwuliza.

Saa nne, chai ikiwa mezani, mbunge wa kwanza akaingia. Alikufa mwaka sabini na nne. Alikuwa amebeba jiwe lake begani, na tope la mtoni lilimchuruzika mpaka sakafuni.

"Mugonile," akasalimu. Akasaini kitabu cha wageni kwa mkono mmoja, akakaa kwenye benchi, jiwe mapajani. "Nimesikia tunaandikwa."

"Mnaandikwa, mzee," alisema Meshaki. "Jiwe unaweza kuliweka chini."

"Halikubali. Nimeshajaribu."

Meshaki akamsogezea kikombe. Wa pili alifika muda si mrefu, naye marehemu, na jiwe lake lilikuwa dogo kwa kuwa enzi zake saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Wa tatu bado yu hai, yuko Dar es Salaam, ana maduka tangu biashara zilipofunguliwa. Mwenyewe hakuja. Jiwe lake lilikuja na basi la asubuhi, kondakta akalipandisha ngazi huku akilalamika kiuno.

Kisha mtu akakohoa mlangoni, na Tupokigwe akainuka haraka akaenda kusimama nyuma ya kabati la mafaili.

Alikuwa ni baba mkwe wake, mbunge wa nne, aliyefariki mwezi wa tano mwaka huo huo. Kwa kina Tupokigwe, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana hapiti njia anayopita mzee, hatamki jina lake, na akimsikia anakohoa huingia migombani mpaka apite. Tupokigwe alikuwa ameolewa na Asajile miaka kumi na saba, na sura ya baba mkwe hakuwahi kuiona, hata kwenye mabango ya uchaguzi, ambayo aliyapita akitazama viatu vyake. Kufa kwa mzee hakukubadilisha kitu. Ukwe ni ukwe.

Mzee naye alijua adabu. Alikaa pembeni mwa benchi, akageukia ukuta, jiwe lake limemwelemea goti.

"Meshaki," Tupokigwe akaita toka nyuma ya kabati. "Mwulize mgeni daraja lilikwenda wapi."

Meshaki akashusha pumzi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini na hakutaka fujo na mtu, aliye hai wala aliyekufa. Akamgeukia mzee, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kabatini. "Anauliza daraja lilikwenda wapi."

"Mwambie mkamwana saruji ililetwa. Mifuko mia tatu, na nondo zake. Mwaka themanini na sita."

"Anasema saruji ilile..."

"Nimesikia. Ikaenda wapi?"

"Anauliza ikaenda wapi."

Mzee alikohoa tena. "Asajile alikuwa bado anakaa kwangu. Kila nikitoka nje, binti wa watu mbio migombani. Na mimba yake, na ndoo kichwani, kwenye mvua hii hii. Nikaona haya. Nikasema vijana niwajengee kwao, mbali, kule Lupepo, naye apate kupumua. Na mbunge hawezi kumjengea mwanawe nyumba ya udongo. Watu wangesemaje?"

Meshaki alifungua mdomo kuyarudia, akaona hakuna haja.

Tupokigwe aliegemea kabati. Ile nyumba ina vyumba vinane, kuta zake nene, wageni hupenda kuzigonga kwa ngumi na kuguna. Sebuleni mwake ndimo alimolazwa Lusungu kabla ya kuzikwa. Alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote. Na alikumbuka vilevile kwamba siku ya kuhamia Lupepo alilia kwa furaha, kwa kuwa alizunguka uani mwake kutwa nzima ameinua kichwa.

"Mwambie mtoto alikuwa wa kwake pia."

"Anajua, Mama Lusungu," alisema Meshaki. Mzee alikuwa analia, uso ukutani.

Baadaye mzee akasema, "Mwambie jiwe limenichosha. Kama akinipokea yeye, nadhani litakubali."

Mvua iliendelea. Tupokigwe alifuta macho kwa kona ya kitenge.

"Mwambie mkamwana hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe."

Mzee akafikiri kidogo. "Ni kweli," akasema. "Ndaga," akashukuru. Akajitwika jiwe, akatoka nalo mvuani.

Tupokigwe akarudi mezani. Katika safu ya jina aliandika *Mbunge wa nne*, maana lenyewe vidole visingeweza. Katika safu ya aliyoyafanya aliandika: *Nyumba moja, Lupepo.* Jioni Meshaki alizipaka zote mbili wino mweupe, akapiga jina kwa kidole kimoja, na mbele yake akaandika kama alivyowaandikia wale watatu wa juu: *Alianzisha ujenzi wa daraja.*

Alhamisi Mheshimiwa mpya akaweka jiwe la tano. Marehemu walikaa safu ya mbele, hawakupiga makofi kwa sababu mikono ilishikilia mawe. Watoto wa Matwebe walikuja kutazama, wakivuka mmoja mmoja juu ya magogo.

Tupokigwe alifika nyumbani giza halijaingia. Asajile alikuwa ameshawasha moto.

"Baba alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Anaendeleaje?"

"Bado amebeba."

Asajile akatikisa kichwa. Mvua ikaongezeka juu ya bati, na chini bondeni mto ukaanza kusikika. Akasema kwa mvua hii, mwaka huu nyumba nyingi za watu zitaanguka.

"Hii haianguki," alisema Tupokigwe, akampakulia chakula.