Miguu ya Bi Mwanafatuma

Daktari Twaiba hakujua kama figo ya kulia ya mgonjwa wake itapona au itakufa, na kilichomzuia kujua ni ahadi yake mwenyewe.

Asubuhi Bi Mwanafatuma wa Ramisi, aliyekuja kutolewa kizazi chenye uvimbe, alimshika mkono. "Mwanangu, tumbo lipasue utakavyo. Miguu yangu usinipandishie kwenye vyuma. Mimi nina wakwe."

Twaiba akaahidi, akamlaza miguu imenyooka.

Sasa kizazi kimetoka, lakini upande wa kulia damu ilichuruzika, naye akashona haraka karibu na mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Kama uzi umeubana, figo imekwisha. Kuhakikisha, sharti kamera iingie kibofuni ione kama mkojo unatoka pande zote mbili, na njia yake ni baina ya miguu.

"Vyuma vya kupandishia miguu viko stoo," alisema muuguzi Mbeyu. "Nivilete?"

"Niliahidi miguu isipande, na haitapanda. Tukutanishe nyayo, tulaze magoti pembeni juu ya mito."

"Kadhi mzima wewe!" Mbeyu akacheka. "Seifu, geuka huko!"

"Mimi nimeoa mashine hii," alijibu Seifu, mtu wa dawa ya usingizi, akaikodolea macho.

Wakamtandia mgonjwa leso yake juu ya magoti kama hema. Twaiba akaingiza kamera. Kushoto mkojo ukaruka. Kulia, kimya. Mbeyu aliacha kucheka. Twaiba aliwaza kulifungua tumbo upya.

Kisha akaona meza bado imeinamia kichwani, kama walivyoiweka wakati wa kupasua. Huenda mkojo haushuki kwa ajili hiyo.

"Seifu, inua kichwa."

Meza ikalia, ikasawazika, kichwa kikapanda kidogo. Wakangoja. Mkojo ukachomoka kulia kama uduvi aliyeshtuliwa.

"Alhamdulillahi!" alisema Seifu, bado akitazama mashine.

Jioni Twaiba alimweleza mgonjwa yote.

"Miguu ilipanda?"

"Haikupanda, mama. Magoti ndiyo yalifunguka."

"Na yule mwanamume?"

"Aligeuka."

"Basi hukunivunjia ahadi. Leso yangu je, mbona ina madoa ya dawa?"

Gharama ikawa hii: doti moja ya leso mpya kutoka Ukunda, mito miwili ya wodi, na chakula cha mchana cha daktari, ambacho Seifu alikila. Figo zote mbili, Bi Mwanafatuma alibaki nazo mwenyewe.