Karasha la Majani ya Mlonge

Hosiana aliwaona sisimizi kwanza. Kila asubuhi walijipanga mstari mmoja mpaka nyuma ya choo, pale alipomwaga kopo lake la usiku. Siku moja akamwaga la mkwewe upande wa pili, makusudi, aone. Huko hakwenda hata mmoja. Wote walimjia yeye, kama waalikwa.

Hakumwambia mtu. Hosiana alikuwa mtu wa kuona. Kusema aliwaachia wenye sauti.

Siku ya kliniki Nesi Paskalia akampima mkojo, kisha damu. Akamwambia ni kisukari cha mimba. Apunguze ugali, aache soda, na Alhamisi bila kukosa awe hospitali ya Geita. Akamwandikia barua. Halafu akaifunua kadi ya zamani, akauliza yule mtoto wa kwanza, aliyezaliwa amekufa, alikuwa na uzito gani. Hosiana akaonyesha vidole vitano.

Nesi akaifunga kadi. "Huenda ilikuwa hii hii, mwanangu. Safari hii tusichelewe."

Nyumbani Nyarugusu, Hosiana alimpa mumewe Donatus ile barua na kumtajia ugonjwa. Hayo mengine aliyameza. Mkwewe, Bi Zipora, alishangaa mpaka akaketi.

"Sukari? Nyumba hii wiki ya pili tunakunywa chai ya chumvi! Sukari yeye kaipata wapi?"

"Iko kwenye damu, mama," alisema Donatus.

"Basi kaificha huko."

Mambo yangeishia hapo, na Alhamisi ingefika kama Alhamisi nyingine, lau asingekuja Davis. Davis alikuwa mwanafunzi wa chuo, kijana mpole mwenye daftari na vifuko vya plastiki, akizunguka vijijini kuuliza bibi zetu walitibu kisukari kwa majani gani. Bi Zipora akampeleka kwenye mlonge wake. Wachimbaji waliokuwa wamepumzika hapo wakasogea kusikiliza, na mbele yao Makoye, mwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu.

"Ndani ya jani kuna kitu kidogo sana," Davis alieleza. "Sisi tunalisaga jani, tunaliosha, tunakitenga kile kitu, tunakipima."

Wanaume wakatazamana. Kusaga, kuosha, kutenga, kupima. Walikuwa wakifanya nini kingine tangu wazaliwe?

"Kwa tani moja ya majani," Makoye aliuliza kitaalamu, "unapata gramu ngapi?"

"Kidogo mno, mzee wangu. Na bado ni utafiti. Tumewapa panya tu. Mjamzito asinywe dawa yoyote ya majani bila daktari."

Maneno hayo ya mwisho yalipita masikioni mwao kama panya wenyewe, mbio mbio na bila kuacha alama. Davis alipoondoka, Makoye alisimama.

"Kijana wa watu anahangaika na kinu cha mkononi. Mke wa Donatus ni mke wetu. Alhamisi karasha halisagi mawe."

Alhamisi asubuhi Hosiana alivaa gauni lake la kanisani, akaikunja barua ndani ya kitenge, akatoka kumngoja Edson, dereva wa bodaboda waliyepatana naye. Edson alikuwapo. Pikipiki ilikuwapo pia, ila juu yake palikuwa na viroba saba vya majani ya mlonge.

"Shemeji, leo nimebeba dawa yako," alisema Edson kwa furaha. "Wewe njoo taratibu kwa miguu."

Akaenda kwa miguu. Huko kwenye karasha palikuwa pamejaa kama mnadani. Majani yalimiminwa tumboni mwa mashine pamoja na vyuma vyake, karasha likaanza kunguruma, na baada ya nusu saa likatapika uji wa kijani. Wakaupitisha uji ule juu ya makapeti ya kuoshea mchanga. Povu la kijani likateremka mpaka barabarani. Mbuzi wakalifuata, mchungaji akawafuata mbuzi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akavua kofia, akidhani ni msiba.

Makoye akachota kwenye karai, akatia zebaki, akachezesha karai kwa mikono yake miwili. Akakamua kwenye kitambaa, akachoma. Kikabaki kipunje cha njano, kidogo kama kichwa cha sindano.

Watu wakainama kukitazama.

"Dhahabu," alisema Donatus kwa sauti ya kanisani. "Mlonge una dhahabu!"

Hosiana alijua ilikotoka. Jana yake jioni, alipompelekea Donatus chakula, aliwaona wakisaga mawe ya duara la Donatus, shimo lake la dhahabu, na hakuna aliyeliosha karasha. Lakini aliyeuliza hakuwapo. Wanaume walikuwa wameshatimka. Hazikupita dakika kumi mlonge wa Bi Zipora ukabaki mifupa. Wawili wakapiga vigingi kuuzunguka, wa tatu akadai mzizi umeingia eneo lake, wa nne tayari alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni, akipiga kelele ashushiwe kamba.

"Mmefukua mlonge wangu!" alilia Bi Zipora. "Na dawa ya mkwe wangu iko wapi?"

"Mayu, mama yangu, tulia," alisema Makoye. "Dhahabu tumeitoa. Sasa kwenye maji imebaki dawa tupu, haina hata jiwe."

Hoja ikawaingia wote. Wakachota kikombe cha bati kutoka kwenye lile karai. Bi Zipora akakipokea kwa mikono miwili, akakipepea kipoe ingawa hakikuwa cha moto, akamkabidhi Hosiana.

Hosiana akatazama ndani. Chini kabisa, kitone cha zebaki kilibiringika, kikamtazama kama jicho la samaki. Akainua macho. Kando ya dimbwi la jana, la maji ya zebaki, bata wa Makoye walikuwa wakizunguka duara, mmoja nyuma ya mwingine, vichwa vikiwalalia ubavuni. Mmoja akaanguka, wenzake wakampita juu.

"Kunywa, mke wa Donatus," alisema Bi Zipora kwa upole. "Safari hii hukula mayai kama mara ile. Kunywa nawe upate mtoto, uitwe mama fulani."

Tumboni mtoto akageuka. Hosiana akakimwaga kikombe chini.

"Sinywi."

"Nani kasema?" Donatus aliuliza, akigeuka huku na huku. Makoye akatazama nyuma ya karasha. Miaka mitatu ya ndoa, na mtaa mzima haukuijua sauti ile.

"Mimi," alisema Hosiana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. "Tazameni bata. Hicho ndicho mnachonipa? Nesi kasema Geita, leo. Na yule mtoto hakufa kwa mayai, mama. Alikuwa na kilo tano. Nesi kasema huenda ni sukari hii hii."

Bi Zipora aliwatazama bata. Aliwatazama muda mrefu. Kisha akajifunga khanga kiunoni, akaenda kwenye pikipiki, akavuta viroba viwili vilivyosalia na kuvitupa kwenye tope la kijani. Donatus alipofungua mdomo, mama yake akamwonyesha kikombe kitupu.

"Neno moja, Donatus, nakuchotea kingine unywe wewe."

Edson akawasha pikipiki. Bi Zipora akapanda nyuma kabisa, ili kumshika mkwewe barabarani.

"Haya, mke wa Donatus," alisema Edson, "umekaa vizuri?"

Hosiana alitazama mbele, barabara ya Geita.

"Yule mtoto nilimpa jina kabla hawajamfunika," alisema. "Niite Mama Benjamini."