Sanduku Lenye Adabu

Maiki ya kwanza niliibadilisha Jumamosi. Ya pili Jumatano. Ya tatu niliibadilisha huku natukana kimoyomoyo, maana mwenye simu alikuwa mama yangu, na mama hatukanwi kwa sauti hata akiwa mbali.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kiko Kwa Mrombo, karibu na soko, na juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu: ELISARIA, REDIO, KASETI NA SIMU. Neno simu niliongeza baadaye. Soko huria lilipoingia, redio za bei rahisi zilimwagika Arusha nzima, mtu yake ikikorofisha anaitupa ananunua nyingine, na sisi mafundi tukabaki kutazamana. Simu za mkononi ndizo zilizotuokoa. Mwaka huo wa 2003 hakukuwa na simu iliyonishinda pale sokoni, isipokuwa hii moja niliyoiunda mwenyewe.

Mambo yalianza Novemba. Mama anaishi peke yake kijijini kwetu, juu ya Kikatiti, kwenye kihamba alichoachiwa na baba: migomba, kahawa, na ng'ombe mmoja mwenye kiburi. Siku moja ya mvua alikwenda kumkatia huyo ng'ombe majani, akateleza, nyonga ikagoma. Alilala chini ya migomba tangu asubuhi mpaka jioni, jirani yetu mzee Sumari alipokuja kuchukua maziwa. Hakuvunjika. Lakini kaka yetu mkubwa, Ndesanjo, anayetoa mizigo bandarini Dar es Salaam na kuongea kama mtu anayetoa mizigo bandarini, aliamua palepale: Krismasi tukikutana nyumbani, kama mama hana simu anayoweza kuitumia, anaondoka naye kwenye gari. Ng'ombe atauzwa.

Mama alisusa chakula siku nzima. "Niende Dar nikakae kwenye kochi," aliniambia, "nitazame ukuta wa jirani mpaka nife? Elisaria, fanya ufanyalo, mimi hapa sitoki."

Mimi ndiye kitinda mimba. Kwa desturi yetu nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, na kukaa na mama ni kazi yake vilevile. Mimi nilikuwa Kwa Mrombo nalehemu simu za watu. Kwa hiyo nilifanya nilichokijua.

Simu ya kawaida alikuwa ameshaikataa: vitufe kama punje za ulezi, maandishi ya Kiingereza, na tena inatetemeka. Nikachukua simu nzima nikaivua gamba, nikaipandikiza ndani ya kisanduku cha mninga, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni. Nikaweka spika ya redio ili asikie, na betri ya pikipiki ili asihangaike na chaji. Mbele nikaweka kitufe kimoja cha kijani cha kupokelea, kipana kama kifuniko cha chupa ya soda. Chini yake vitufe vitatu vya kupigia, kila kimoja na picha ya pasipoti: Ndesanjo, dada yetu Anande ambaye ni muuguzi Moshi, na mimi. Hakuna namba, hakuna herufi. Mtoto wa chekechea angekitumia.

Mama alikipokea vizuri, akakiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Zile picha akazipangusa vumbi, asizibonyeze.

"Nikianguka nitabonyeza," alisema. "Nisipoanguka, nawatafutia nini? Mama hagongi mlango wa mtoto wake."

Sawa. Tutampigia sisi. Nikarudi mjini, nikapiga. Simu ikapokelewa, niliisikia kabisa inafunguka, halafu kimya. "Haloo? Mama? Haloo?" Kimya. Ikakatwa. Ndesanjo akapiga toka Dar, hivyohivyo. Anande naye. Jioni ile Ndesanjo akanipigia akiwa na furaha isiyofichika. "Fundi, kifaa chako bubu. Mwambie mama aanze kufunga nguo."

Ndiyo hizo maiki tatu. Kwenye meza yangu kifaa kilizungumza kama mhubiri. Nikikifikisha nyumbani, bubu. Nikabadilisha waya, nikahamisha antena, nikasafisha saketi kwa spiriti, nikamlaumu aliyeuza maiki, nikaulaumu mninga. Wateja wakaanza kunikimbia kwa jinsi nilivyokuwa nawajibu. Baada ya maiki ya tatu nilipiga tena, na safari hii nikamsikia ng'ombe. Vizuri kabisa, analalamika bandani. Maiki inayomsikia ng'ombe aliye nje haiwezi kushindwa kumsikia mama aliye mbele yake.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Nikafunga kibanda, nikapanda nyumbani bila kumwambia mtu, nikachuchumaa kwenye kahawa mkabala na dirisha la sebuleni. Mzee Sumari alipita na mundu wake, akanikuta nimejikunyata na simu mkononi. Nikamwashiria anyamaze. Akaenda zake anatikisa kichwa.

Nikapiga. Mama akatoka jikoni, akafuta mikono, akarekebisha kilemba. Akaketi mbele ya sanduku, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Akabonyeza cha kijani bila kusitasita.

"Haloo?" nikasema. "Mama? Haloo! Haloo! Unanisikia?"

Alikuwa ananisikia. Niliona uso wake unavyonisikia. Alifunga midomo, akalitazama sanduku kama anavyomtazama mtu aliyeingia na viatu vya tope, akangoja. Nilipofika haloo ya nane akabonyeza tena, akakata, akarudi jikoni.

Niliingia nikiwa nawaka. "Mama! Mbona hujibu? Wiki tatu sili, silali, nimebadilisha maiki tatu, kumbe unanisikia!"

"Nakusikia vizuri. Umeunda kitu kizuri sana."

"Sasa?"

"Sasa umenisalimia?"

Nikarudisha simu mfukoni.

"Mtu ananiingilia nyumbani kwangu," mama akasema, "hana shikamoo, hana habari za asubuhi, anapiga kelele haloo, haloo, kama anafukuza ngedere kwenye mahindi. Nimjibu nini? Mimi ndiye nimsalimie? Kimeru nimewasamehe, mmekisahau. Hata Kiswahili?"

"Mama, Ndesanjo atakuchukua! Krismasi! Sema tu haloo moja, ubaki na ng'ombe wako!"

"Siwezi," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekueleza goti lake halikunjiki, na hapo ndipo nilipoogopa. Afadhali aondoke kihambani kwake kuliko kumwamkia mtoto aliyemzaa.

Nikawapigia ndugu zangu. Anzeni kwa shikamoo, nikawaambia, halafu msubiri marahaba, ndiyo mengine yafuate. Ndesanjo alicheka sana. "Mimi nampigia kujua kama yuko hai. Nikianza shikamoo, zitafuata habari za ng'ombe, za mchungaji, za mvua, na huku kontena langu linasubiri." Anande aliahidi. Alipopiga kesho yake akaanza, "Haloo mama, shik..." na mama akawa ameshakata. Mazoea yana taabu. Tulikuwa na simu miaka miwili tu na tayari midomo yetu ilikuwa imeharibika.

Basi, kama watoto hawarekebishiki, sanduku linarekebishika. Kwenye rafu yangu kulikuwa na mdoli wa Ulaya, mali ya Princess, binti wa mteja mmoja, ulioletwa ukiwa mbovu na haukufuatwa tena. Ulikuwa ule unaourekodia maneno nao unayarudia. Nikaupasua tumbo, nikatoa kidude chake cha kunasia sauti na betri zake tatu ndogo kama zile za saa. Nikajifungia, nikarekodi: "Shikamoo, mama." Nikaiunganisha na kitufe cha kijani. Akibonyeza kupokea, kabla mpigaji hajafungua domo lake, sanduku lenyewe linaamkia.

"Yaani umetutafutia mashine ya kuwa na adabu kwa niaba yetu?" Anande aliuliza nilipowaeleza, akasikitika, kisha akasema ni wazo zuri.

Mkesha wa Krismasi Ndesanjo alifika na gari lake, viti vya nyuma vitupu, tayari kwa mizigo ya mama. Alikwenda nyuma ya banda la ng'ombe, akapiga kulijaribu sanduku. Tulikuwa sebuleni, mimi, Anande na mama. Mama akaketi, akarekebisha kilemba, akabonyeza.

"Shikamoo, mama," sanduku likasema.

Mama aliinua macho, akanitazama mimi, si sanduku. Kisha akajibu. "Marahaba. Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama!" Ndesanjo akapayuka toka bandani, tukamsikia kwenye spika na dirishani kwa pamoja. Mama akamuuliza habari za Dar, za wajukuu, za safari. Aliongea vizuri, kwa utulivu, mpaka vocha ya Ndesanjo ikaisha. Kesho yake baada ya ibada gari liliondoka bila mama. Ng'ombe alibaki. Wazee wawili wa usharika waliniuliza kama naweza kuwaundia na wao, na mke wa mchungaji akaniita mhandisi mbele za watu. Sikumkatalia.

Katikati ya Januari, simu yangu ikaita Kwa Mrombo. Ilikuwa namba ya mama. Nikajua ameanguka.

"Elisaria," akasema, "sanduku lako limenyamaza."

"Umeanguka?"

"Nianguke kwa nini? Nasema limenyamaza. Halisalimii." Akakata.

Nilipanda nikalifungua. Zile betri ndogo za mdoli zimekufa. Nikaweka mpya, nikasema ni bahati mbaya. Baada ya siku tisa akapiga tena: limenyamaza. Nikaweka nyingine. Siku nane, limenyamaza. Betri zile kwa matumizi ya simu chache zilipaswa kukaa mwaka! Nikajua kuna umeme unavuja mahali. Nikakesha na sanduku mezani, nikapima kila waya, nikalehemu upya, nikafunika kila kiungo kwa nta. Halivuji. Nikalirudisha. Siku nane.

Nikawauliza ndugu zangu wanapiga mara ngapi, labda wanazidisha. Anande alisema tangu mwaka uanze amepiga mara mbili, kazi ni nyingi wodini. Ndesanjo alifikiri. "Mimi nilimpigia... si ile siku ya Krismasi?" Mimi mwenyewe, kusema kweli, sikuwa nimepiga. Nilikuwa napanda kila mara kulitengeneza sanduku, na nikifika nauliza, "Liko wapi?"

Alhamisi moja ya Februari nilipanda asubuhi na pakiti nzima ya betri mfukoni na kipima umeme begani, nimekasirika toka stendi ya Kikatiti mpaka kwenye ua wetu. Nilikuwa nimeapa kukipata hicho kinachovuja au nichome lile sanduku niotee moto. Nilipokaribia mlango nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Shikamoo, mama." Ilikuwa dhaifu, inakokota, betri zinakata roho.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Huku tumeamka salama. Nyonga imenisumbua kidogo jana, leo afadhali. Kahawa ya kule chini imeanza kuwa ya njano, sijui ni ugonjwa." Akanyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha nikasikia kitufe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Niliingia. Mama alikuwa ameketi mgongo wima, kilemba kimefungwa vizuri, kikombe cha chai kando. Taa ndogo ya simu, inayowaka mtu akipiga, ilikuwa imezimika. Hakuna aliyepiga.

"Mama, unafanya nini? Hakuna mtu humo!"

"Najua hakuna mtu. Nimezaa watu watatu, Elisaria, mtu namjua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Ndesanjo anisalimie kwa sauti yako?"

"Sasa kwa nini unalibonyeza kila siku? Unamaliza betri bure!"

Alilipangusa sanduku kwa ncha ya kanga, pale kwenye picha zetu.

"Hili nikilibonyeza linanisalimia," akasema. "Ninyi sijui mnabonyezwa wapi."

Nilisikia aibu mpaka masikioni, na hasira yote niliyopanda nayo mlimani haikuwa na pa kwenda ila kwangu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba ya mama yangu na viatu vya tope, na kipima umeme begani, na nilikuwa nimeshamfokea mara tatu. Nikavua kofia. Nikafungua mdomo nimpe shikamoo yake, ya kinywani, mbele ya macho yake.

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, ananipa bisibisi.

"Weka betri kwanza," akasema.

Nikaketi, nikaweka.