Mzee wa Kitanda cha Saba

Mimi ni mtu wa hasira na sioni haya kulisema. Miaka thelathini na moja nilisimamia mizani ya mkonge huku Korogwe, na aliyetaka kunidanganya uzito alirudi kwao na adabu yake. Kwa hiyo ninapokiri kwamba nilinyamaza siku iliyonipasa kusema, mjue linaniuma.

Ninaishi kwenye makao ya wazee hapa Kwamndolwa. Chumba chetu cha wanaume kina vitanda vinane. Wahudumu ni vijana wenye adabu, na adabu hiyo ndiyo ilitaka kutuua. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwiti mzee kwa jina lake, basi sote tulikuwa "mzee" tu, na dawa zetu zikapangwa kwa namba za vitanda. Mimi nilikuwa cha saba, mwenye kisukari. Kwenye cha nne alilala Muhidini wa Kabuku, ambaye ana presha tu.

Muhidini magoti yamemkataa kupinda, anaswali akiwa amekaa kitandani. Kitanda chake kilitazama ukuta wa stoo, ikabidi ajipinde kiuno kila rakaa ili aelekee kibla. Alhamisi, baada ya alasiri, akaniambia, "Mhina, ndugu yangu, kitanda chako kimekaa vizuri. Tubadilishane."

"Chukua," nikamjibu. "Ila tusimwambie mtu, watatuletea kanuni zao."

Tukahamisha mito na mashuka, tukicheka kama watoto walioiba miwa.

Kesho yake asubuhi dawa zililetwa na Maryamu, binti kutoka kijiji cha Sindeni, mgeni kazini, na chumba chetu ilikuwa mara yake ya kwanza kukihudumia. Akanipa kidonge cha njano. Changu huwa cheupe, kina mstari katikati. Nilikiona. Nikajiambia labda wamebadilisha dawa, nikameza. Muhidini naye akameza cha kwake, yaani changu, akasukuma uji pembeni kama kawaida yake, akaenda zake barazani.

Saa nne alianguka hapo barazani. Jasho linamtoka, anamwita mkewe aliyekwisha kufa. Wengine wakasema ni uzee. Maryamu akapiga magoti, akamshika mkono, akasema, "Huyu sukari imeshuka." Akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo angali anaweza kumeza, kisha wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, tungekuwa tunachimba kaburi.

Lakini msimamizi wetu, Godfrey, hakuandika kwamba binti aliokoa mtu. Aliandika kwamba alichanganya dawa, akamhamishia kufua nguo asubiri kikao cha kamati cha Jumamosi, afukuzwe. Na mimi niliyejua kila kitu nikakaa kimya. Niliona aibu kwamba wazee wawili walicheza mchezo wa watoto, mmoja nusura afe.

Jumamosi asubuhi dawa zililetwa na Hiza, mhudumu wa miaka mingi. Akaniwekea mkononi kidonge cha njano. Safari hii sikumeza. Nilikifumbata.

Baadaye Maryamu akapita na beseni la nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unisamehe kama nakukosea adabu. Jina lako nani?"

Nikamfokea. Mtoto wa juzi ananiuliza jina?

Hakurudi nyuma. "Wote nawauliza leo, mzee. Jana ningeuliza, mzee Muhidini asingelazwa."

Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mfupa. Kesho yake angekuwa nyumbani bila kazi, na bado alikuwa anahangaikia usalama wetu. Nikamtajia jina langu, na la baba yangu.

Saa nane kamati ikakaa. Mwenyekiti wake, Bwana Aliasgar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ni mtu wa maneno machache. Niliingia bila kuitwa.

"Mkosaji ni mimi," nikasema, nikaeleza habari yote ya vitanda.

Godfrey akatabasamu. "Mwenyekiti, mzee wetu huyu umri umekwenda. Kumbukumbu zinamchanganya. Anamwonea huruma binti."

Damu ilinichemka. Nikafungua kiganja juu ya meza yao.

"Hiki nimepewa leo, na hakukileta Maryamu, kakileta Hiza, mzoefu wenu. Ni dawa ya Muhidini. Kimefuata kitanda, hakikumfuata mtu."

Bwana Aliasgar akakigeuza kidonge kwa ncha ya kalamu. Mimi nilikuwa sijamaliza.

"Bwana Godfrey, wewe kumbukumbu zako nzima?"

"Nzima, mzee."

"Nina miaka minne hapa, wewe una sita. Mimi naitwa nani?"

Akamtazama mwenyekiti. Akatazama faili lililofungwa.

"Wewe ni… mzee wa kitanda cha saba."

"Nimehamia cha nne tangu juzi," nikamwambia. "Ndiyo habari niliyoileta."

Bwana Aliasgar akamgeukia Maryamu aliyesimama mlangoni, mikono bado ina povu. "Wewe unamjua?"

"Ni mzee Mhina Mdoe," akasema kwa sauti ndogo, macho chini. "Wa kisukari."

Mwenyekiti akaichukua barua ya kumfukuza, akaichana vipande viwili. "Binti anarudi kuhudumia wazee. Godfrey, wewe anza na majina ya wazee hawa." Kisha akaniuliza, "Lakini mzee, vijana watawaitaje majina bila kuwavunjia heshima?"

"Wasituite," nikasema. "Wao watoe shikamoo. Sisi tutaitikia marahaba, kila mtu na jina lake, ndipo dawa itoke. Jina likikosekana, dawa irudi."

Wanakamati wakapiga makofi, na mimi, mtu wa hasira, nikashindwa kuzuia machozi.

Jumanne Muhidini alikuwa amesharudi, amekaa kwenye kitanda cha saba, ameelekea kibla. Maryamu akaingia na sinia la dawa. Alianza na mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mhina Mdoe." Nililitamka kwa nguvu mpaka jikoni wakasikia. Akasoma karatasi, akanipa kidonge cheupe, chenye mstari katikati.

Jirani yangu akafuata, na wa baada yake, kila mmoja akijinyoosha mgongo kidogo kabla ya kujitaja. Wengine nilikuwa nimelala nao chumba kimoja miaka minne na ndiyo kwanza nilikuwa nawajua baba zao. Maryamu akafika cha saba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Muhidini akasema. "Muhidini Awadhi. Nipo hai."