Ampli ya ba Papa Kabamba

...nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe, ile hata mutoto anajua, haiko ile njo inamusumbua, Jessy anapiga magoti nyuma ya meza, bega kwa ukuta, tochi chini ya kidevu, mukono moja inashika fili, ile waya ya magnétoscope ya kuchezesha cassette, na ingine inapapasa mugongo ya ampli, matundu mistari mbili, ENTRÉE, SORTIE, ENTRÉE, SORTIE, na kule salon Papa Albert, mwenye nyumba, anapiga kelele asema, Ye mutoto! unatengeneza ao unalala kule? na bageni banacheka, bamejaa kwa biti mpaka kwa mulango, juu leo banataka kuona cassette ya ndoa ya Orpa, binti ya Papa Albert, na sauti itoke kwa bafle kubwa, haiko kwa ile télé inasemaka kama muntu ya mafua, na courant ya umeme bado haijarudi, huku Panda, ndani ya Likasi, siku hizi inakuya saa inapenda, inakaa nusu saa, inaenda, bintu yote inapashwa kuwa tayari... Kidogo tu, Papa, anajibu Jessy, kidogo tu nini? hii ni kazi ya dakika mbili, anaweza kuifanya macho ya kufunga, hii ampli anaijua, ile njo matata, alipoigeuza tu aliona kwa kila tundu ka point ka vernis, vernis ya makucha, rangi ya divai, alama ya Mwadi, rafiki yake, ile, Mwadi aliitiaka na brosi kidogo, ulimi inje, zamani nyumba yabo ilikuwa ya ine kutoka kwa ba Jessy, na babake Mwadi, Papa Kabamba, fundi ya umeme kwa usine, alikuwaka anabafundisha bote babili pamoja, asema, Angalia, mama, sortie ni kinywa, entrée ni sikio, kinywa ya magnétoscope kwa sikio ya ampli, ukitia kinywa kwa kinywa bote banasema, nani atasikia? kama miye na bashangazi ya Mwadi, na Mwadi alicheka mpaka akaanguka kwa matelas, na Jessy ambaye kwa masomo hakufika hata troisième alijua ampli kupita bakaka ya Panda yote... Mama Henriette, muke ya Papa Albert, anauliza, Binti, nikuletee buji, uongeze mwangaza? Apana mama, naona... anaona, anaona sana, anaona hata namna hii ampli ilifika huku, ilikuwa tisini na tatu, mwaka ya kufukuzana, bantu ya Kasaï bote balipelekwaka kwa gare ya train, na Papa Kabamba alileta ampli yake mwenyewe, kwa brouette ya kusukuma, imefungwa na kikwembe ya muke yake, asema, Albert, unichungie, nikipata fasi nitatuma muntu, na Papa Albert alilia, Jessy alimuona, machozi ya kweli, asema, Ndugu yangu, nakuchungia. Na alichunga. Mwaka muzima chini ya kitanda. Kisha ikatoka chini ya kitanda juu ya unyevu, ikakaa kwa meza, ikawekwa kitambaa, na ampli ya ba Kabamba ikakuwa ile ampli, na leo, mbele ya bageni, asema ampli yangu, na hakuna muntu alisikia siku gani neno ilibadilika... na kuko ile tundu ingine, pembeni, PHONO, ya sahani ya muziki, Papa Kabamba alibakatazaka, usitie kintu ingine pale, itanguruma kama ng'ombe banachinja, basi akitia magnétoscope pale? Itanguruma, bageni bataziba masikio, Papa Albert atasema imekufa, itarudi chini ya kitanda, na chini ya kitanda ni ya Mwadi tena. Rahisi. Nani atajua? Fili iko kidole moja tu na tundu, anasogeza tochi apate kuona muzuri, na ndani, katikati ya matundu, kuko takataka nyeusi, miguu-miguu, mabawa ya kukauka, anasema Ah! bila kutaka, na Papa Albert, Kuko nini tena? na Mama Henriette, mama ya bantu, asema, Itakuwa bilulu, inapendaka fasi ya moto-moto, upulize tu... na akafunika kinywa. Kicheko ya salon ikakata. Bilulu ni wadudu tu, neno ya jikoni, mende, kunguni, lakini ile mwaka balitwaa ile neno na kuibandika bantu ya Kasaï, bilulu batoke, na tangu ile siku hapa Likasi muntu anaweza kulala na mende kwa sikio lakini ile neno haitoki, banasema cafard, banasema moustique... Cafards, anasema Mama Henriette polepole, nilitaka kusema cafards, na muntu anakohoa, na Papa Albert, Basi ubapulize inje, beye pia banataka kuona ndoa ya mutoto yangu bure? na kicheko inarudia, kubwa kupita ya mbele, na Jessy hapulizi. Wimbo. Kulikuwa na wimbo. Njia ya gare, Papa Kabamba mbele na matelas kwa kichwa, Mwadi nyuma yake na sufuria mbili, na batoto ya camp ya bafanyakazi pembeni banaimba ile neno, na Jessy alikuwa pale, ndiyo, hakatai, miaka kumi na tano, alikuwa nyuma, nyuma kabisa, alifungua kinywa tu na sauti haikutoka, miaka mbili anajiambiaka ile kila usiku, nyuma, kinywa tu... lakini muntu ya nyuma anaonaka migongo. Yeye aliona uso. Aliona Mwadi iko na vumbi kwa kope. Basi alikuwa mbele, na mbele banasimamishaka nani? Kwa chorale ya parokia Mama Emérance, mufundishaji ya nyimbo, alimutiaka mbele juu ya nini? Wimbo haijianzishi, lazima muntu atoe mustari ya kwanza, bengine baitike... Nani alitoa? Jessy, nani alitoa? Na ilikuwa tamu, Mungu wangu, batoto makumi banangojea uvute pumzi, na Mwadi aligeuka, juu aliijua ile sauti, aligeuka haraka, na furaha kabisa, kama muntu rafiki yake amemuita... Papa Albert alau alilia. Na hii PHONO, hii hila yake yote, ilikuwa ya kumuonyesha nani mwizi? Pale pale taa ya ampli inawaka, courant! salon inapiga mikono, Papa Albert asema, Jessy! imeshika? na fili iko kwa mukono, vile vile, kidole moja na matundu yote. Bado, Papa, anasema, na sauti inatoka safi, inapita meza, inafika mpaka kwa mulango, na bantu bote bananyamaza bamusikilize, vile banafanyaka kila mara akifungua kinywa.